Majani ya Yeyo

Mama, shikamoo. Huku Arusha baridi inauma, nashinda nakunywa chai tu.

Juzi asubuhi tulikuwa Oldonyo Sambu, nyuma ya Mlima Meru, tukirusha puto lenye kisanduku cha kupima upepo wa juu kabisa, kule ndege zisikofika. Bibi mmoja mfugaji, ambaye wote wanamwita Yeyo, yaani mama, alikuja akafunga majani mabichi kwenye kile kisanduku.

"Kinachotoka kwangu nakifungia majani, ili kirudi," alisema.

Bosi wangu akacheka. "Yeyo, hiki kitaangukia Kenya huko!"

Chini palitulia, hata moshi wa jikoni ulisimama wima. Lakini kompyuta ilionyesha upepo wa juu ukikivuta kisanduku kaskazini, kisha, juu zaidi, ukageuka ukaanza kukirudisha. Puto likapasuka. Kisanduku kikashuka taratibu na mwavuli wake mpaka katikati ya zizi la Yeyo. Yeye alikuwa ameketi hapo hapo kwenye kigoda, anakingoja. Mama, kule kilikotoka kila kitu kinaganda, lakini majani yalikuwa bado mabichi. Bosi hakucheka tena.

Leo, nikipanga nguo hapa chumbani kwangu Lemara nianze safari ya kuja nyumbani, nimekuta majani yamefungwa kwenye mkanda wa begi langu. Sijui aliyafunga saa ngapi. Nimejaribu kuyafungua, fundo halilegei.

Niwekee chakula hata nikichelewa, na uniombee nifike kwako kwanza.

Mwanao, Neema