Nilimwangiwa poda ya ushindi, na mtihani ulinishinda

Mama Mimi mupendwa, naomba unishauri mu gazeti yako mbele Jumapili haiyafika, maana nimechoka na nimeficha kitu. Niko mama wa batoto babili, nakaa Katuba. Nilisoma historia, nikafundisha miaka ine, kisha bwana yangu Floribert akanisukuma niingie masomo ya mwaka moja ya bale bako na diplome ya kitu ingine na banataka kugeukia informatique, kazi ya kompyuta. Nikasoma vile nilizoea: nilikopia programu zote za syllabus, kitabu ya somo, mu kaye, daftari yangu, maana nyumbani hatuna ordinateur, nikazishika kwa kichwa, mustari kwa mustari, nikikoroga bukari, mutoto iko mu mugongo. Siku ya mtihani assistant wa mwalimu akasema tuandike programu ya kupanga majina ya banafunzi kufuata pointi zao. Mimi nilijua ile programu ya kupanga kwa kufuata alfabeti, nikaiandika yote, bila kosa. Akaangalia, akasema kwa upole, "Mama, badilisha tu hapa." Nikafuta, nikaandika tena ile ile. Nilipata ine juu ya makumi mbili, nikaanguka.

Kufika nyumbani siku ya matokeo, mama mukwe Delphine alikuwa kwa mulango na kopo ya poda, ile banamwangia mwenye kushinda mtihani. Aliona machozi, akafikiri ni furaha. "Ingénieur yetu!" Akanimwangia kichwa yote, majirani bakapiga vigelegele, mutoto wangu Tracy akacheka, "Mama amekuwa muzungu!" Nikapanguza macho, nikabaacha baamini. Sasa wifi yangu Kapya, aliyenishikia batoto, bamemurudisha kwao juu eti nimemaliza, Jumapili jamaa banatoka Kasenga kuja kwa sherehe, na deuxième session, mtihani wa kurudilia, iko kisha wiki tatu. Sina hata saa moja ya kusoma. Niache masomo, niseme sikupendezwa nayo?

Mama ya Tracy, Katuba

Mama ya Tracy,

Pole. Kubeba mutoto na syllabus pamoja si mchezo. Lakini nani alikutuma kukariri programu kama tarehe za bafalme? Ukijua bukari ya bantu bane, wageni bakifika kumi haulii, unaongeza maji na unga. Pale ndipo ulipokosa, na pale panarekebishika. Hauko mujinga, ulisoma somo jipya kwa njia ya zamani.

Uongo wako ni wa kunyamaza, lakini ni uongo. Kila siku unayongoja unanunulisha bantu tikiti ya safari. Basi leo, mbele ya kuanza kula, mwite Floribert pembeni, umwambie "ine juu ya makumi mbili", bila kuzunguka. Kisha nyinyi babili muende kwa mama yake. Mama mukwe mwenyewe apige simu Kasenga, jamaa basitoke. Kapya arudi kushika batoto kwa zile wiki tatu. Na kaye ifunge: kila siku chukua programu moja, vunja mustari moja, uitengeneze mpaka itembee.

Kuacha? Hapana. Floribert akikasirika, umuache akasirike. Kisha umupe mutoto mudogo, ushike njia ya shule, salle ya mashini, chumba ya ordinateur, inafunguliwa saa mbili asubui.

Mama Mimi