Mtetemo wa Maili Arobaini

Makina, Kibra,
Nairobi.
11 Machi 1951

Mpendwa Mjomba Fadul,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Bombo, Uganda, wewe na mkeo Fatna na watoto. Je, lile goti lako limetulia, au bado linakutabiria mvua? Sisi huku tunapumua, tunashukuru. Mama, dada yako, anakula kidogo na macho yake yamezidi kuwa hafifu, lakini masikio ni yale yale: anasikia hata tusiyoyasema. Zeinabu mke wangu hajambo, na watoto wawili wanakua kuliko nguo zao.

Najua umenikasirikia. Uliniita nije kabla ya mwezi wa pili kwisha, nishike lori la pamba, na ukasema kiwanja cha kujenga kipo karibu na chako. Mwezi wa pili umekwisha, sikutokea na sikuandika. Usidhani nimekudharau. Nilishikwa, Mjomba, na nitakueleza nilivyoshikwa, hatua kwa hatua, maana wewe ndiye uliyenifundisha gari na hutakubali hadithi nusu.

Kwanza ujue nilivyokuwa nataka kuja. Tangu baba azikwe mwaka jana, paa la nyumba linavuja juu ya kitanda cha watoto. Kuweka bati jipya lazima kibali. Nimekwenda ofisi ya Serikali mara nne. Karani ananiuliza kama mimi niliwahi kuwa askari. Nasema hapana, baba ndiye aliyekuwa askari, na ndiye aliyepewa mahali hapa. Ananijibu, basi baba aje. Nimezaliwa Kibra, na bado naishi humu kama mtu aliyekaribishwa chai akapitisha wakati. Zeinabu alipoisoma barua yako alifunga sufuria zetu kwa kamba siku hiyo hiyo.

Mama alisema yeye haendi. Kaburi la mumewe liko hapa, na dada yangu wa Eldama Ravine ana mama mkwe wa kutunza, hawezi kumchukua. Nikamwambia nitatangulia, nikijenga nitakuja kumchukua. Hakubisha. Alisema tu, safari njema mwanangu, akaendelea kuchagua mchele. Nikadhani yameisha.

Ilibaki barua ya bwana. Tajiri wako wa pamba anataka barua ya sifa kutoka kwa mwajiri wangu, na ana haki. Unajua naendesha pikapu ya Mzungu mmoja mwenye ng'ombe upande wa Ngong, napeleka maziwa mjini kila asubuhi. Nilipomwendea kuomba ruhusa, kumbe pikapu ilikuwa imekwisha kuanza kuumwa, na bwana anajua hivyo. Akaniambia, "Wewe navunja gari, wewe natengeneza. Gari hapana nyamaza, barua hapana."

Ugonjwa wenyewe ni huu. Chini ya maili thelathini na tano kwa saa, pikapu haina neno. Unaweza kuiendesha kwa kidole kimoja. Ikifika thelathini na nane usukani unaanza kucheza. Ikifika arobaini mikono inakufa ganzi mpaka viwikoni, boneti inarukaruka, na mitungi ya maziwa nyuma inagombana. Ukipita arobaini na nane inatulia tena, lakini kwa mashimo ya barabara ile, na maziwa nyuma, ni nani atakimbia hivyo? Nikienda polepole nachelewa mjini na bwana anapigiwa simu. Nikikaza, gari linanitikisa mpaka meno. Kwa majuma sita niliishi katikati ya mwendo huo na huu, sikuwa na pa kutokea.

Hapa lazima nikuungamie jambo ambalo bwana hajui. Jumamosi moja nilichukua pikapu bila ruhusa kubeba mikeka na vyungu vya arusi ya jirani, kupeleka Lindi, kijiji cha hapa hapa Kibra. Kwenye kivuko cha reli gurudumu la mbele la kushoto likaingia mtaroni na tairi likakatika. Nilifunga gurudumu la akiba pale pale, Jumatatu nikaliacha lile kwa Mburu, fundi wa tairi wa Kawangware, na nyumbani nikasema liko kwake; nikalichukua kesho yake nikalirudisha mahali pake. Mtetemo ulianza siku iliyofuata. Basi moyoni nilikuwa nimekwisha hukumu: mimi ndiye niliyepinda ekseli.

Mficha uchi hazai. Kwa kuwa nilikuwa na la kuficha, nilitafuta dhambi yangu badala ya kutafuta ugonjwa. Wewe ulinifundisha kwamba usifungue kitu kabla ya kuliuliza gari linaumwa wakati gani. Nikasahau. Nilipima ekseli kwa uzi, ikawa imenyooka. Sikuamini, nikapima tena. Nikafungua mikono ya usukani. Nikakaza beringi. Nikamshawishi bwana anunue pini mpya za ekseli, akanunua huku akinung'unika, nikazifunga kwa siku mbili. Arobaini ikafika, na usukani ukacheza kama kawaida. Majuma matatu yalikwenda hivyo, na barua yako iko chini ya mto wangu.

Siku moja nilisimama kandokando ya barabara nikajiambia, Abdelkarim, fanya kama Mjomba amekaa hapa kiti cha pili na anakutukana. Nikaanza upya. Nilifikisha arobaini, nikatoa gia, nikaacha gari liteleze lenyewe: bado linatetemeka. Basi si injini. Nikagusa breki taratibu: mtetemo haukuzidi wala haukupungua. Nikaenda bila mzigo: vile vile. Nikainua mbele kwa jeki, nikashika chaki karibu na rimu na kuzungusha: chaki iligusa sawasawa pande zote, rimu haikupinda. Mwisho nikaliondoa gurudumu la mbele la kushoto nikalifunga nyuma, na la nyuma nikalileta mbele. Mikono yangu ikatulia kabisa, na kiti changu kikaanza kucheza. Nilicheka peke yangu barabarani hadi mama mmoja mwenye mzigo wa kuni akavuka upande wa pili.

Nikalirudisha mbele, nikainua, nikalegeza beringi, nikalizungusha polepole na kuliacha lisimame lenyewe. Likasimama. Nikatia alama ya chaki chini kabisa. Nikazungusha tena. Mara kumi, na mara zote kumi ile alama ilirudi chini. Upande mmoja wa gurudumu ulikuwa mzito, na uzito huo haukuwa wa kiraka.

Nikalipeleka kwa Mburu. Ni mtu mwangalifu, anayeosha mikono kabla ya kugusa tyubu, ndiyo maana sikuwahi kumshuku. Alipoiona chaki yangu aliacha kazi akakaa juu ya ndoo.

"Mimi nilijua utarudi," alisema. "Mama yako alikuja hapa na miguu, Abdelkarim. Kutoka Kibra. Haoni vizuri na alikuja na miguu, ameshika kuku. Aliniambia ni maombi ya barabara, niweke ndani ya tairi, nisikuambie. Sasa mimi nitamkataza mama wa mtu kuombea kijana yake?"

Alifungua tairi mwenyewe. Ndani, chini ya kipande cha mpira alichokigundisha vizuri, mlikuwa na hirizi ya ngozi ya mbuzi, nene, kubwa kuliko kiberiti. Nikaipasua mshono. Mlikuwa na kitambaa cha shati langu la kaki, na udongo kidogo, na karatasi, na kufuli dogo la shaba lililofungwa. Ufunguo haukuwemo. Karatasi niliisoma. Kulikuwa na jina langu, na jina la mama, Mabruka, kama mzazi, na chini yake neno moja limeandikwa mara saba, akae, akae.

Mjomba, nilikasirika. Sitakudanganya. Niliona nyumba ya matofali ya Bombo inaondoka, na watoto wangu chini ya lile paa, na majuma sita ya mikono kufa ganzi, na matusi ya bwana, yote kwa kufuli la shaba. Nilikuwa nimekwisha yapanga maneno ya kwenda kumwambia. Mburu akaniuliza kama ile hirizi airudishe au aitupe. Nikamwambia afunge tairi bila hiyo. Nikatoka hapo mpaka arobaini, mpaka hamsini, na usukani haukutikisika hata kidogo. Niliendesha maili nane na kurudi maili nane kwa ajili ya kuisikia tu.

Ijumaa bwana alipanda, tukaenda naye hadi mjini na kurudi. Hakusema ahsante, lakini alipotoka ofisini mwake alikuwa na barua. Imeandikwa kwa mashini, sifa zimejaa ukurasa, nyingine hata mimi sikuzijua. Niliiweka kifuani nikaenda nyumbani na yale maneno yangu.

Mama alikuwa mlangoni. Aliniuliza anavyoniuliza kila siku tangu mwezi wa kwanza, "Gari linaendeleaje?" Kila siku nilidhani ananihurumia. Sasa nilimtazama. Alikuwa ameshika nguzo ya mlango kwa mikono miwili, na macho yake ameyaelekeza pale alipodhani uso wangu upo, na hakuwa amepata sawa. Nikafikiri alivyoipapasa njia yote ile hadi Kawangware na kuku kwapani, akiuliza watu kwa fundi ni wapi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, husema watu, na mimi nilikuwa sijaujua mpaka hapo.

Nikamwambia, "Bado, mama. Bado linatetemeka."

Akasema, "Pole, mwanangu." Akaingia ndani, na siku hiyo alimaliza sahani yake.

Zeinabu alisikia. Baadaye nilimwonyesha barua ya bwana, akaisoma hadi mwisho, akanirudishia. Sufuria amezifungua kamba. Hatujagombana, na ningependa tungegombana. Jana alimwambia mtoto wetu mkubwa asogeze kitanda upande usiovuja, na hilo ndilo neno pekee alilosema juu ya jambo hili.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Kwanza, nafasi ya lori mpe mtu mwingine, usiishikilie kwa ajili yangu. Pili, mwandikie mama barua kwa jina lake, Zeinabu atamsomea. Useme tajiri wa pamba alichoka kungoja, nafasi imechukuliwa. Usinilaumu sana ndani yake, na wala usinihurumie, maana atasikia. Asijue kamwe kwamba nimeiona ile hirizi. Akijua, atajilaumu, au ataniambia niende, na lolote kati ya hayo mawili sitaliweza.

Nisalimie mkeo Fatna, watoto wote, na Mzee Abdelkarim ambaye nimeitwa jina lake, kama bado anatoka msikitini kwa miguu yake. Mama anakusalimu sana, anasema umtumie tumbako. Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu na akuepushe na goti.

Barua ya sifa ya bwana nimeitia humu ndani ya bahasha hii. Ikae kwako, uifungie sandukuni. Usinirudishie hata nikikuandikia kuiomba, maana ikibaki hapa kifuani mwangu, iko asubuhi nitafika mjini na maziwa, na sitarudi.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Abdelkarim Mahdi