Mkoba wa Baruti

Jumatatu, 3 Machi
Kitengela. Nimepanga mkoba wa gobore. Wa kwanza niliutupa, ngozi ilikaushwa vibaya, ikanuka hadi nikatapika. Huu una kifuniko kipana. Ndani: pembe ya baruti, vitambaa vya kushindilia, sindano ya kuzibua tundu la gobore. Basi. Risasi hakuna, hii ni filamu, nami ndiye mtunza vifaa. Ila baruti ni ya kweli.

Atakayelibeba gobore ni baba mkwe. Mimi ndiye niliyempendekeza. Sijui nilikuwa nafikiria nini.

Jumanne, 4 Machi
Vilima vya Kajiado, vumbi tupu. Mkoba umerudi kama jaa. Ugoro umemwagika, leso ina makamasi, ganda la ndizi. Nimesafisha kwa vidole viwili. Kinyaa! Lakini mkwe hakemewi. Nimemeza.

Alhamisi, 6 Machi
Leo nimeona mabaya zaidi. Anavuta sigara nusu, anaibana kwa vidole kuizima, kipisi anatia mkobani. Kando ya baruti! Nimemtuma mke wangu, Mueni, amwambie babake. Jibu limekuja kwa simu: "Mwambie huyo bwanako mimi nilianza kuvuta kama yeye hajazaliwa."

Mzee mchafu. Atalipuka na kiburi chake.

Ijumaa, 7 Machi
Kabla ya kupiga picha, mkoba ukaanza kufuka moshi. Sikungoja adabu. Nikaunyakua begani kwake, nikamwaga kila kitu juu ya mawe. Kipisi bado chekundu. Pembe ilikuwa imezibwa, ashukuriwe Mungu.

Na meno. Meno ya bandia, safu nzima ya juu, yamepakaa ugoro na mate. Yakapasuka katikati. Kumbe huyavua kabla ya kupiga kelele za vita mbele ya kamera, yasimruke. Hata Mueni hajui kama babake ana meno ya kununua.

Watu wote walicheka. Mwongozaji alicheka hadi akakaa chini. Baba akaziba mdomo kwa kiganja, akaenda kusimama nyuma ya gari. Nimewachukia wote. Nimejichukia zaidi.

Jumapili, 9 Machi
Baba amekuja kwetu chakula cha mchana. Mueni alikuwa amechoma mbuzi. Mzee akanywa supu tu, akasema ameshiba. Mueni karibu alie jikoni: eti siku hizi baba anadharau chakula chake.

Nikamwambia ni kosa langu, nilinunua nyama ya mbuzi mzee, haitafuniki. Amenifokea kweli kweli. Sebuleni kila kitu kilisikika.

Nikarudi sebuleni. Baba alisogea kwenye kochi kunipa nafasi, nikakaa.