Nyama ya Minani na Sanduku la Umeme

Rulenge,
12 Novemba 1978

Mwanangu Bernardo,

Nakusalimu. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto. Natumaini nawe u mzima huko Biharamulo pamoja na mitambo yako. Barua yako ya mwisho niliipokea. Uliandika siku na mwezi, hukuandika mwaka. Usirudie.

Mdogo wako Minani ameondoka Jumatano na mgambo kwenda vitani. Aliniaga akiwa amesimama wima, nami nilifurahi kwa hilo.

Jambo linalonifanya niandike ni mama yako. Sista wa hospitali amempima kifua, kisha akaniita pembeni: "Mwalimu, moshi wa jikoni umemharibu mapafu. Akiendelea kuinamia kuni, mwakani hutakuwa naye." Nikamkataza mama yako kukausha nyama. Akanijibu hivi: "Mwanangu yuko vitani. Chumvi haipo dukani. Nyama isiyopita kwenye moshi itaoza kabla haijafika Bukoba. Unanikataza mimi, au unamkataza Minani kula?" Kesho yake nilimkuta jikoni, nyama imening'inia juu ya moto, naye ameshika ukuta kwa kikohozi.

Wewe ni fundi. Je, iko njia ya kukausha nyama kwa moshi bila mtu kuuvuta moshi huo? Jibu kwa ukamilifu.

Baba yako,
Bartholomayo


Biharamulo,
23 Novemba 1978

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa goti. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, na umwambie nasikia kikohozi chake hadi huku. Mimi sijambo, ila kazi ni nyingi.

Njia ipo. Mhandisi mmoja wa barabara, Mzungu, anarudi kwao na anaviacha vyombo vyake vya nyumbani. Ana masanduku mawili ya umeme ya kukaushia nyama kwa moshi. Hayatumii kuni. Chini kuna waya unaopata joto kama wa pasi, na juu ya waya kuna kijitrei cha bati. Humo unatia vipande vya mti vyenye ukubwa wa karanga, navyo vinafuka polepole bila kuwaka. Mlango unafungwa, moshi unabaki ndani na nyama. Unaotoka ni mwembamba, kwenye tundu la juu, nami naweza kulifungia bomba likatokeza dirishani.

La kwanza lina urefu wa mtu. Linameza paja zima la ng'ombe, nalo linakula wati elfu moja na mia tano. La pili limezidi debe kidogo tu. Lina waya tatu za kutandazia nyama, kilo nne kwa mara moja, wati mia nne. Kila mtu ananiambia nichukue kubwa. Shibuda, dereva wa lori la kijiji cha Kaniha, alilitazama dogo akacheka hadi akakaa chini: "Fundi, hili ni la kukaushia panya? Mkweo wa baadaye akiliona, atakunyima binti." Lakini nyumba ni yako, Baba. Uamue wewe.

Mwanao,
Bernardo


Rulenge,
1 Desemba 1978

Mwanangu Bernardo,

Nakusalimu. Mwaka umeandika, vema.

Chukua dogo. Nilikwenda kumwuliza mtunza mtambo wa misheni. Waya unaokuja nyumbani kwangu uliwekwa kwa ajili ya taa na redio. Alisema wati mia tano utazibeba. Zaidi ya hapo utaungua, na nyumba zote za walimu zitabaki gizani kwa sababu yangu. Pili, umeme huwashwa mchana siku za upasuaji tu, Jumanne na Ijumaa. Kilo nne zitakauka kwa siku moja. Paja zima litabaki bichi katikati, nalo litaoza likiwa ndani ya sanduku zuri. Tatu, jikoni hakuna waya. Litakaa sebuleni, na sebule yangu si ghala.

Mwambie huyo Shibuda kwamba sikumwuliza.

Mama yako anasema sanduku lisilo na moto ni uongo wa Wazungu. Amekohoa mara tatu wakati wa kusema hivyo.

Baba yako,
Bartholomayo


Rulenge,
7 Januari 1979

Mwanangu Bernardo,

Nakusalimu kwa mwaka mpya. Sanduku lilifika juu ya magunia ya mahindi ya Shibuda. Linafanya kazi. Kilo nne za nyama kutoka Mabawe zimeondoka juzi na gari la jeshi lililopita hapa, zikiwa na jina la Minani na namba yake. Mama yako amelazwa hospitalini kwa vipimo.

Sina la ziada.

Baba yako,
Bartholomayo


Biharamulo,
4 Machi 1979

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu Januari, mbili hukuzijibu. Sikulaumu, ila leo nakuomba usikae kimya.

Nimepata barua ya Minani. Nainakili kama ilivyo:

"Kaka, nyama ya nyumbani ilinifikia. Nilipokifungua kifurushi, nilinusa kibuyu cha maziwa. Unakumbuka mama alivyonichapa nilipochukua kijiti cha kufukizia vibuyu nikakitia kwenye moto wa nyama? Alisema nyama na maziwa havikutani hata kwa moshi, ng'ombe watakauka. Basi aliyekausha nyama hii si mama. Na mama akiwa hai, nani mwingine angegusa nyama yangu? Baba hajui hata chungu kinakaa wapi. Mama amekufa, kaka, nanyi mnanificha kwa sababu niko vitani. Sikuila. Nimewapa wenzangu wa Pwani. Usingizi sina, na kwenye zamu naona uso wake badala ya njia. Niambie ukweli, nitauvumilia."

Baba, barua yako ya mwisho ilisema mama amelazwa, kisha ukanyamaza. Ruhusa ya kuja sipewi, maana mtambo wa hapa hauna fundi mwingine. Shibuda ameahidi kukusubiri hadi umalize kuandika, hata kama ni siku nzima.

Mama yu hai?

Mwanao,
Bernardo


Rulenge,
6 Machi 1979

Mwanangu Bernardo,

Mama yako yu hai. Naanza na hilo, salamu zitafuata.

Marahaba. Ameketi mbele yangu sasa, ananiamuru niandike haraka kwa sababu Shibuda anamaliza viazi vyote.

Kosa ni langu. Mama yako alipolazwa siku nne, gari la jeshi lilikuwa karibu kupita na nyama ilikuwa imekwisha kununuliwa. Nilifunga mlango wa sebule, nikaikausha mwenyewe. Vipande vya mgunga alivyonikatia viliisha saa tano. Nikaona fungu la vijiti vikavu nyuma ya mlango wa chumba cha maziwa. Mti ni mti, nilijiambia. Nimekaa na mwanamke huyu miaka thelathini na moja, nami sikujua vijiti vile ni vya nini.

Sikukuandikia kwa sababu niliona haya. Bonifasia wa jirani alichungulia dirishani akaniona na kisu na nyama, akatangaza hadi kisimani: "Mwalimu amevaa kanga!" Watoto niliowachapa kwa utoro walikuja kunusa. Nikaona heri kunyamaza kuliko kuandika kwamba mama yako ni mzima, na mpishi ni mimi.

Nilimsomea barua ya Minani. Alilia kwanza. Kisha akaniuliza kuhusu vijiti, nami nikakiri. "Kumbe ni wewe!" akasema. "Ng'ombe wangu amepunguza maziwa tangu Januari, nikawa namshuku Bonifasia wa watu!" Akacheka hadi nikaogopa kikohozi kitarudi. Hakikurudi. Hiyo ndiyo habari niliyopaswa kukuandikia wiki sita zilizopita. Tangu aache moto wa kuni kwenye nyama, na viazi tukavipikia nje uani, analala bila kuegemea ukuta. Jumapili alikwenda misani kwa miguu na kurudi. Sista amempima tena, akasema moshi wa bomba dirishani haumfikii, na amemruhusu akaushe nyama mwenyewe.

Kwa hiyo jana, kwa kuwa ilikuwa siku ya dharura ya upasuaji na umeme ulikuwapo, alinitoa sebuleni akafanya kazi yake. Kifurushi anacho Shibuda. Mpelekee Minani kwa gari la kwanza la jeshi, hata kama itakubidi usimame barabarani. Usiongeze maneno ya kumtuliza, akifungua atajua. Mama yako anasema niandike hivi, nami naandika: "Minani, ukiwapa tena watu wa Pwani nyama yangu, nakuja huko huko kukuchapa."

Shibuda ameniambia jambo ambalo hukulisema: kwamba Mzungu yule ulimpa baiskeli yako, na kwamba tangu Desemba unakwenda kazini kwa miguu, asubuhi na jioni. Nilidhani sanduku uliachiwa bure. Sikuuliza.

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa watu namna ya kuandika barua ya shukrani: sababu kwanza, kisha shukrani yenyewe, kisha jina. Kwako sijawahi kuiandika hata moja.

Sababu sasa inaimba uani, inapeta maharage.

Asante, mwanangu.

Baba yako,
Bartholomayo