Nimekuta Mirathi Yangu Inagawanywa

Songea, nyuma ya boma

Kwa mke wangu Mwanaisha binti Omari, mama Faraji, Kilwa Kivinje.

Assalamu alaikum. Kaka Hamisi, najua ni wewe unayesoma, kwa maana nyumbani hakuna mwingine wa kusoma. Usishituke ukaitupa barua. Ni mwandiko wangu huu. Tazama herufi zangu za lamu-alifu zilivyopinda, zile mwalimu alizonichapia bakora mpaka akachoka yeye. Mwite Mwanaisha, mwite na mama, wakae mkekani, kisha ndiyo uendelee.

Wamekaa? Haya. Mimi Issa ni hai. Sikufa, sikuzikwa, na haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe, mchana kweupe, nimeshiba ugali na maharage. Alhamdulillahi.

Hali zenu? Mama, shikamoo. Kifua chako cha kipupwe kimepoa? Faraji amekuwa mrefu kiasi gani? Na wewe mke wangu, uzima wako ndio ninaouuliza mara kumi kabla ya yote, maana nimekwisha kusikia kuwa ulilia sana. Futa machozi, usikie mambo yalivyokuwa.

Mnakumbuka nilikuja huku na cherehani yangu kumshonea Sefu, mshirika wangu yule wa Lindi mwenye duka la nguo. Kazi ilikuwa nzuri, hata nguo za askari wa boma nilizishona mimi. Kabla vita havijaanza niliitwa Lusewa, safari ya siku tano kutoka hapa, kushona nguo za arusi. Cherehani na majora yangu ya nguo nikamwachia Sefu, nikachukua sindano na mkasi. Huko nilifikia kwa mkulima mmoja, jina lake Mbawala, mtu mpana wa mabega, mcheshi, na mkewe Mama Chausiku.

Arusi haikufanyika. Vita vilitukuta huko huko. Mengine siyaandiki, barua hupita mikononi mwa watu. Nitasema hivi tu: mtu wa pwani wakati ule alikuwa hana pa kusimama. Nilijeruhiwa mguu katika kukimbia, jeraha likaoza, homa ikanishika. Mbawala akanificha kwenye dungu la shamba lake, kile kibanda cha kulindia ndege, yeye na mkewe wakanilisha kama ndugu. Watu walimwambia, "Mtoe huyo, atakuletea balaa." Akawajibu, "Alikula kwangu kabla ya vita. Sasa nimwambie nini, kwamba chakula kimebadilika?"

Homa ilipozidi nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi nadhani ninakufa. Laiti Sefu angejua nilipo." Akasema atakwenda yeye. Baridi ilikuwa kali, nami sikuwa na cha kumpa ila koti langu la kaki, lile nililolishona Kilwa, lenye bitana nyekundu. Lilimbana. Mkewe akafumua makwapa akatia kiraka cha kaniki, Mbawala akalivaa akatembea mbele yetu akicheka, anajigamba kama shaushi wa boma. Mfukoni nilimtilia kijikaratasi chenye jina langu, Sefu ajue ni mimi niliyemtuma.

Hakurudi. Tulisema amekamatwa, au amechukuliwa kubeba mizigo ya askari. Miezi ikapita. Jeraha likafunga. Maghala yalikuwa yamechomwa, ikaja njaa, nayo njaa hii sijui niieleze vipi. Mama Chausiku alikuwa akiingia porini alfajiri kuchimba ming'oko, anarudi jioni, anagawa mafungu manne: watoto wake wawili, yeye, na mimi. Hakunipunguzia hata siku moja. Nilipoanza kutembea bila fimbo alisema, "Sasa twende Songea. Wewe ukamtafute mwenzako, mimi nikamtafute mume wangu." Watoto akawaacha kwa mama yake, tukashika njia.

Tulifika Songea juzi, jua limepanda. Dukani kwa Sefu nikakuta mlango umefungwa. Nikamwuliza mama mmoja anayeuza chumvi pale jirani, Sefu yuko wapi. Akasema bila kuniangalia, "Yuko barazani bomani. Leo wanagawa mirathi ya fundi Issa."

Mwanaisha, nilisimama pale kama gogo. Nikamwuliza, "Fundi Issa yupi?"

"Yule mshona nguo wa Kilwa. Alikufa vitani, maskini."

Tulikwenda mbio mpaka bomani, mimi na mguu wangu, Mama Chausiku nyuma yangu. Barazani watu wamejaa. Bwana Mkubwa, Mdachi, amekaa kwenye kiti, karani wake pembeni na daftari, wazee wawili wa baraza, na mwalimu wa hapa anayejua ilimu ya mirathi. Katikati, chini, imewekwa cherehani yangu! Imefutwa vumbi, inang'aa, na majora yangu matatu ya marekani juu yake. Na mezani mbele ya karani, koti langu.

Sefu alikuwa amesimama anatoa ushahidi. Akageuka, akaniona. "Audhu billahi!" akapiga ukelele, akarudi nyuma mpaka akamkanyaga mzee wa baraza. "Issa! Nilikuzika kwa mikono yangu!"

Kelele zikawa nyingi. Askari akanishika. Karani akaniuliza, "Wewe nani?" Nikasema mimi ndiye huyo mnayemgawa. Watu wakacheka, lakini Bwana Mkubwa hakucheka. Alisema, kwa Kiswahili chake kile cha kukatakata, kwamba baada ya vita watu wengi wanakuja kudai mali za wafu, na mwongo atachapwa viboko ishirini na tano. Sefu naye ananitazama. Mke wangu, nimekonda, ndevu zimenifika kifuani, nusu zimekuwa nyeupe. Hata yeye hakuwa na hakika. "Sauti ni yake," akasema, "lakini mimi nilimzika."

Basi Bwana Mkubwa akamwamuru karani asome barua iliyotoka Kilwa kwa warithi. Kaka Hamisi, ni barua yako! Ikasomwa mbele ya watu wote, na mimi nasikiliza majina yenu. "Warithi wa marehemu Issa bin Juma ni hawa. Mama yake mzazi. Mke mmoja, Mwanaisha binti Omari. Mtoto wa kiume, Faraji." Nikadhani amemaliza. Karani akageuza karatasi. "Na mtoto wa kike, Zena, anyonyaye, aliyezaliwa baba akiwa safarini."

Nilisema, "Rudia."

Askari akanitikisa ninyamaze. Nikasema tena, "Bwana karani, nakuomba kwa Mungu, hapo pa mwisho parudie."

Akarudia. Zena. Anyonyaye. Mwanaisha, niliondoka kwako hata wewe hujajua kama una mimba. Nina binti! Nililia barazani kama mtoto, mbele ya askari, mbele ya Mdachi, sikuona haya. Mwalimu wa mirathi, ambaye alikuwa amekwisha kuandika fungu lako la thumni na la mama la sudusi, akaweka kalamu chini.

Sasa sikia lililoniokoa, nalo ni lako wewe. Mwisho wa barua karani akasoma: "Mjane wa marehemu hakubali bado. Anauliza, je, mliyemzika alikuwa na kidole kidogo cha mguu wa kushoto? Kwa maana mumewe alikikata kwa shoka mwezi wa kwanza wa ndoa yao, akipasua kuni."

Bwana Mkubwa akamtazama Sefu. Sefu akasema, "Bwana, wapita njia waliniletea habari, nami nikakuta maiti ya siku nyingi, porini. Niliona koti, nikakuta karatasi yenye jina lake. Miguu sikuitazama." Nilimwona amejiinamia, nami sikumkasirikia, wala sitamkasirikia. Katika siku zile za hatari alitoka peke yake kwenda kuzika mtu aliyedhani ni mimi.

Nikaambiwa, "Vua kiatu."

Nikavua. Wazee wa baraza wakainama wote wawili kama wanaotafuta sindano iliyoanguka. Mmoja akashika mguu wangu, akahesabu kwa sauti. "Moja, mbili, tatu, nne." Akanyanyuka akasema, "Bwana, mke wa mtu huyu ana akili kuliko baraza hili." Kicheko kilichopigwa pale nadhani kilisikika hadi sokoni! Sefu akanikumbatia, hataki kuniachia, machozi yake yamelowesha shingo yangu. Karani akapiga mstari juu ya jina langu katika daftari la wafu, na Bwana Mkubwa mwenyewe akatia muhuri.

Laiti mambo yangeishia hapo. Katika furaha ile nilikuwa nimemsahau Mama Chausiku. Nilipogeuka nilimkuta amefika mezani, amelishika lile koti, amelifunua kwapa. Akasema taratibu, "Hiki kiraka ni changu. Hili ni koti la mume wangu."

Mimi ndipo nilipoelewa, Mwanaisha. Kwa mbio zile na hofu ile sikuwa nimefikiri mara mbili. Aliyezikwa na Sefu ni Mbawala. Aliuawa akiwa amebakiza mwendo wa asubuhi moja tu afike hapa, na ni mkono wa nani, hakuna ajuaye. Alikufa akiwa na salamu zangu.

Mama Chausiku hakupiga yowe. Alikaa chini sakafuni na koti mapajani. Karani akachovya kalamu, akauliza jina la maiti, na kama ana mali. Nikamjibu mimi: ana shamba Lusewa, kando ya kijito, ana mke, ana watoto wawili. Hapo Bwana Mkubwa akauliza neno lililonitia baridi: "Alikuwa mwasi?" Kwa maana shamba la mwasi huchukuliwa. Sefu akanivuta kanzu nisiseme zaidi, maana nilikuwa nimetoka kuponea chupuchupu, na mtu aliyefichwa huko miezi yote hiyo naye huweza kuulizwa alikuwa upande gani.

Lakini ningenyamazaje? Nikasema, "Bwana Mkubwa, mtu huyu hakushika mkuki. Alinificha mimi, fundi wa askari wako. Alitoka kwake kuja hapa bomani kuleta habari zangu. Hakubeba hata kisu, alibeba karatasi yangu, nayo hiyo hapo mbele yako. Kama yeye ni mwasi, na mimi niandike mwasi."

Akaichukua ile karatasi, anaigeuza geuza. Mzee mmoja wa baraza akasema kwamba kwa desturi shamba liende kwa ndugu wa kiume wa marehemu. Mama Chausiku akainua kichwa. "Shemeji zangu wameisha wote," akasema. "Shamba lile nalima mimi. Hata mume wangu akiwa hai nilikuwa nalima mimi, yeye akiimba." Nadhani ni lile neno la kuimba. Mdachi alitabasamu kidogo, mara ya kwanza siku ile, akamwamuru karani aandike: shamba ni la mke na watoto wake, akida wala jumbe asiliguse. Jana amepewa karatasi yenye muhuri. Ameifunga kwenye upindo wa nguo yake, na kila baada ya muda anaipapasa.

Jana hiyo hiyo tulikwenda kaburini, mimi, yeye na Sefu. Alikaa huko mpaka jua likaanza kuinama. Sisi tulingojea mbali.

Sasa mipango. Tarishi anaondoka kesho. Mimi siku ya tatu namsindikiza Mama Chausiku Lusewa na mbegu za mahindi na mtama alizotoa Sefu, na majora yangu yote matatu nampa yeye, nakuomba uliridhie hilo. Nitamsaidia kupanda, kisha nashika njia ya Kilwa na cherehani kichwani mwa mpagazi, inshallah.

Mke wangu, najua kuwa kwa hesabu ya wanavyuoni eda yako ilikwisha siku ulipojifungua. Kama kuna mtu ameleta posa, mrudishie kwa adabu, usimtukane, hakukosea. Mwambie tu mwenyewe anakuja. Na kama, Mungu apishe mbali, imekwisha kufungwa ndoa, kaka Hamisi aende kwa kadhi leo leo na barua hii mkononi, asingoje kesho.

Nisalimieni mjomba wangu mvuvi, na shangazi yule wa kusuka mikeka, na mkunga aliyempokea Zena, simjui lakini nampa salamu kuliko wote. Faraji mwambieni asimpokonye mdogo wake chochote. Sefu anakusalimu, anasema hathubutu kukutazama usoni.

Mama Chausiku yuko hapa mlangoni, ananiona naandika. Nimemwuliza kama ana neno kwako. Akasema, "Mwambie mwenzangu, mume wake nimemlisha ming'oko msimu mzima na hakunishukuru kwa ladha yake hata mara moja. Mwambie wali wa kwenu nausikia tu. Watoto wakikua kidogo nitakuja nao, anipikie."

Nimemwambia utampikia.

Mumeo,
Issa bin Juma, baba Faraji na baba Zena.