Kifaru cha Kang'ata

Marahaba, mjukuu wangu Zuhura. Huku Manundu sote wazima, na shangazi yako amejifungua salama. Nimefurahi kusikia kifaru chako kikubwa cha vita, cha rimoti, kinakaribia kutembea. Umeuliza changu cha utotoni kilifika wapi.

Nilikiunda kijijini Kang'ata, mwaka ambao kaka yangu Hamisi alikuwa vitani. Mwili ulikuwa wa milingoti ya mkonge, mikanda ya mpira wa gurudumu, mota ya gramafoni mbovu, na waya mrefu wa kukiendeshea. Nilikosa betri tu. Za redio, baba alizianika juani kila mchana ili jioni asikie habari za vita.

Jioni moja akazichomoa, akanipa. "Leo sitaki kusikia," alisema.

Kifaru kikavuka uwanja, kikaelekea barabara ile ile aliyoondokea Hamisi. Sote tulishangilia, isipokuwa baba.

"Mwanangu, hakiwezi kurudi?"

Nikabadilisha nyaya kwenye betri, mota ikazunguka kinyume. Kikarudi polepole hadi miguuni pake, naye akakipakata kama mtoto.

Habari za Hamisi zilikuja baadaye, hayo tuyaache.

Wewe, mama, kabla hujakifungia mzinga, kifundishe kwanza kurudi.

Bibi yako,
Mwanaidi