Kigari cha Mtoto wa Darasa la Pili

Zuhura mdogo wangu, hamjambo hapo nyumbani? Huku Toronto jua linachoma kama la kwetu. Jana mwanangu Rehema alitupeleka kwenye bustani kubwa ya mabembea, akataka kukodi kigari cha kumsukuma bintiye Aisha. Nikamwambia, "Mtoto wa darasa la pili anasukumwa? Akichoka nitambeba." Akaninunia.

Mchana Aisha akagoma kutembea, nikamfunga mgongoni kwa khanga yangu. Hatukufika mbali, goti likakataa. Rehema akaondoka, akarudi na kiti cha magurudumu. Akanisukuma hadi getini, Aisha anatembea pembeni yangu, ananiuliza, "Bibi, umechoka?"

Wabusu wanao. Haya yabaki kwetu.

Dada yako